Vidole Ukutani

Jana nilipita katika duka moja la Kituntu; karani wa hawa Waingereza wapya alikuwa akimfundisha mwenye duka, mzee wa Pangani, kueleza kwa Kiingereza nyumba yake ya udongo imetengenezwa kwa nini.

"Udongo bado unaonekana, basi sema 'made of'. Kitu kikigeuka kisitambulike, kama ndizi zikishakuwa pombe ya lubisi, hapo sema 'made from'."

Mzee akapapasa alama za vidole ukutani.

"Na marehemu mke wangu, aliyeusiriba?"

Karani akazitazama alama zile.

"Mtu aliyefanya kazi ana neno lake, mzee. Sema 'by'."

Leo nimepita tena. Duka halina mteja, naye mzee analirudia lile neno 'by' polepole, kiganja kikiwa ukutani. Yale mawili mengine ameshayasahau, wala simlaumu.