Mashine Iliyoogopa Mapipa Mazito

Joséline alizaliwa Katumba, akasomea kompyuta Mbeya, na siku aliyoajiriwa na ushirika wa wafuga nyuki wa Inyonga alidhani amekwenda kufanya makubwa. Kumbe kazi yake ya kwanza ilikuwa kuitetea printa.

Ghala la asali lilikuwa na kompyuta moja iliyounganishwa na mizani na printa ya lebo. Msimu ukiwa mbaya, ilichapa kazi bila hata kukohoa. Asali ikimiminika, kompyuta ilizima ghafla, mara nyingi lebo za mapipa zikiwa zinachapwa. Mzee Makarius, meneja, alikwishahukumu.

"Ni printa. Kila mashine ikifa, yenyewe ndiyo ipo pale."

"Mzee, aliyekutwa na maiti si lazima awe ndiye muuaji."

"Basi nitajie muuaji."

Joséline hakuwa naye. Alichokuwa nacho ni shaka. Kiini cha mfumo, ile programu inayosimamia nyingine zote, huigawia kila programu inayoomba kipande chake cha kumbukumbu. Anayeandika kupita kipande chake huharibu cha jirani, na anayeanguka ni jirani. Akaweka kiini chenye ulinzi: mwishoni mwa kila kipande inatiwa alama, na kipande kikirudishwa, alama inakaguliwa. Ikikutwa imeguswa, mashine inasimama papo hapo na kumtaja aliyekiomba.

Ulinzi ulifanya kazi kupita kiasi. Mashine iliyokuwa ikizimia mara mojamoja sasa ilizimia asubuhi, mchana na jioni, na katikati ilijikokota kama mgonjwa.

"Nyie mmetuletea fundi au mchawi?" aliuliza Shadrack, mfuga nyuki aliyekuwa kakaa juu ya pipa lake.

Mama Eufrazia, mpima uzito, ndiye pekee aliyemletea chai. "Vumilia, mwanangu. Lakini kweli, mbona inakataa mapipa tu? Ndoo inazipokea."

Joséline akakisahau kikombe. Kila mara skrini ilikuwa imetaja jina lilelile: draiva ya mizani, ile programu ndogo inayosoma uzito. Akaifungua. Iliomba nafasi ya kutosha uzito usiofika kilo mia. Pipa likijaa na kuzidi hapo, tarakimu ya ziada ilijiandikia kwa jirani, na jirani huyo mara nyingi alikuwa printa.

Akampigia simu muuzaji wa mizani. "Kwetu haijawahi kutokea," yule akajibu. Aliijaribu kwa mzigo gani? "Kwa kiroba cha sukari."

Basi Joséline akairekebisha mwenyewe, akapandisha pipa la Shadrack mizanini. Likapimwa, likapata lebo. Akapandisha jingine, na jingine. Mashine haikusimama. Alitaka kupiga vigelegele, ila aliona aibu.

Alipokwenda kutoa habari, alimkuta Mzee Makarius akifungua boksi. Wanunuzi walikuwa wanakuja, naye alikuwa amenunua printa mpya.

"Mzee, tatizo limekwisha. Ilikuwa draiva ya mizani."

"Vizuri. Sasa ondoa na hicho kilinzi chako, kinatutia aibu."

Aliondoa. Msimu wote mashine haikuzima hata mara moja. Kwenye mkutano wa wanachama Mzee Makarius alisimama, akaisifu printa mpya kwa uchapakazi wake, na watu wakapiga makofi. Joséline naye akapiga.

Wiki iliyofuata alitumwa Mpanda kununua printa nyingine kama hiyo, ya akiba.