Taya la Kina Londoño

Baba yangu nilimwona akiwa mifupa mitupu, na bado nikamtambua.

Mjini kwetu, Colombia, maiti hukaa kwenye kaburi la ukutani miaka minne, kisha ndugu wanaitwa wakachukue mifupa. Siku hiyo nilienda na kaka yangu, Wbeimar.

Mtunza makaburi, mzee Arcesio, alilipapasa fuvu chini ya shavu.

"Nyie kina Londoño mna nini? Hata babu yenu nilimtoa na manundu haya haya."

Wbeimar akacheka. Na yeye analo nundu, taya la kushoto. Kwetu nundu ni sifa, mwenye nalo ndiye Londoño halisi.

Mimi sina. Toka utotoni naitwa mtoto wa muuza maziwa, yaani si damu ya baba, na iliniuma, sikatai.

Lakini siku ile sikuwa na habari na maziwa. Babu alikufa kwa tumbo akiwa na miaka arobaini na mbili. Baba, arobaini na moja, na wote wawili walikuwa na nundu. Wbeimar alikuwa na ishirini na nne tu, na mwezi mzima alikuwa anatoka damu chooni, anadai ni bawasiri.

Sikutulia tena. Naunguza arepa, mikate yetu ya mahindi, nakaa, nainuka, nampigia simu.

"Kaka, twende hospitali."

"Nundu ni langu, wewe kinakuwasha nini?"

"Naogopa utakufa, mjinga wewe."

"Basi twende. Ila wakinichokonoa mimi, na wewe wakuchokonoe."

Nikakubali. Mtoto wa muuza maziwa ataogopa nini?

Majibu tulisomewa pamoja. Daktari alisema ni hitilafu ya vinasaba, inarithiwa. Inaotesha manundu kwenye mifupa, na vinyama mamia kwenye utumbo mpana. Vikiachwa vinageuka saratani. Wbeimar alikuwa navyo, na kimoja kilishaanza kuharibika.

Kisha daktari akanigeukia mimi.

"Na wewe pia, dada. Nundu haliwatokei wote."

Wbeimar akanishika mkono.

"Kumbe wewe ni Londoño kabisa," akasema, akaanza kulia.

Neno hilo nilikuwa nalisubiri tangu nina miaka sita.

Tulitolewa utumbo mpana wote wawili, yeye Machi, mimi Mei. Tupo, tunagombana kama kawaida.

Wewe unayesoma, waulize wakubwa wenu marehemu walikufa kwa ugonjwa gani. Wakikujibu "tumbo tu", usikubali yaishie hapo. Nenda kapime, hata kama hufanani na mtu kwenu.