Dirisha la Mpima Mvua

Mume wangu Ambakisye ni mtu wa kupima mvua na joto la hewa huku mlimani Rungwe. Miaka thelathini na moja, kila saa tatu asubuhi anaandika kwenye daftari, hajaruka hata siku moja. Siku tunamzika mama yake aliacha jeneza, akaenda kuchungulia kipimo chake. Sijamsamehe.

Juzi malaria ikamlaza. Mimi shule sikuiona, basi wa kusoma akawa Tupokigwe, mke wa mwanangu. Lakini kwetu mkamwana haonani na baba mkwe wake, na kipimo chenyewe kiko mbele ya dirisha letu.

"Mzee, jifunike blanketi mpaka amalize," nikamwambia.

"Atakosea huyo!"

"Nimesema jifunike!"

Kajifunika wapi! Tupokigwe anamimina maji kwenye glasi ya kupimia, mzee huyo, kichwa nje ya dirisha: "Inua usawa wa jicho!"

Mtoto wa watu akaitupa glasi, mbio mpaka migombani. Mvua yote ikaishia kwenye majani.

Mzee akaandika tarehe, mbele yake hakuna namba. Akalia kwa kwikwi. Machozi yale mama yake hakuyapata.