Popo Waliokula Wali na Sombe

Juzi jirani yangu hapa Mikelenge alitupa pilipili kavu juu ya makala, yaani makaa ya moto, ili afukuze popo darini kwake. Moshi ukaruka ukuta ukaingia sebuleni kwangu, na kabla sijapiga chafya nilikuwa nimekwisha kurudi utotoni, nimekaa kwenye sementi baridi. Kuna harufu, wenzangu, zisizojua kupiga hodi.

Wakati ule wa vita, wanaume wa mtaa wetu walikuwa wakichukuliwa na askari majumbani mwao kwenda kubebeshwa masanduku ya risasi, na wengi hawakurudi. Baba yangu alikuwa fundi wa baiskeli, mwenye mabega mapana, hasa wa aina waliyoitafuta. Siku moja nikaamka hayupo. Mama akaniambia amekimbilia Kalima kwa shangazi, nami nikaamini. Mimi hofu yangu kubwa haikuwa askari. Ilikuwa popo.

Dari yetu ilikuwa ya mikeka ya matete, na popo walikuwamo tangu nizaliwe. Kila kiangazi mama aliwafukuza kwa njia waliyoijua wanawake wote wa mtaa: pilipili kavu juu ya makala ya mbabula, lile jiko letu la bati, kisha milango inafungwa na sisi tunangoja uani mpaka moshi umalize kazi yake. Kiangazi kile alikataa katakata.

"Mama, kule juu kuko nyama mukubwa," nilimlilia. "Iko inatembea."

"Njo popo tu," akasema, yaani ndio popo tu. "Nyamaza."

Tena akaanza kuwalisha! Kila jioni aliweka sahani ya wali na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, juu ya kabati, chini ya tundu la dari. Alisema wakishiba hawatashuka kuniuma. Asubuhi sahani ilikuwa nyeupe, hata mawese yamelambwa. Badala ya kutulia nikazidi kuogopa, maana mnyama wa kumaliza sahani ile angenimaliza na mimi.

Mchana mmoja askari wawili wakaingia. Walipekua vyungu, wakapindua kitanda. Walipokuwa wakitoka, vumbi likaanguka kutoka darini, likamtua mkubwa wao begani. Akasimama.

"Juu kuko nini?"

"Njo popo, shefu," mama akajibu.

Akanigeukia mimi. "Mutoto, njo kweli?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nilitaka hata kumweleza habari za wali, lakini mama alikuwa amenishika mkono, na kucha zake zikaniingia nyamani.

"Basi uwafukuze. Tuone."

Mama akawasha mbabula. Nilimwona akitupa pilipili, nyingi zikianguka chini. Nikangoja atutoe nje uani kama siku zote. Hakututoa. Alinikalisha kando ya jiko, mdogo wangu yuko mgongoni mwake, na kabla moshi haujafika hata kiunoni, akaanza kukohoa. Alikohoa kwa kelele, ameinama, kama mtu anayeng'olewa mapafu.

"Kohoa, mama," akaninong'oneza katikati ya kikohozi, mimi bintiye. "Kohoa na nguvu."

Nikakohoa. Mtoto akalia. Askari nao wakashikwa, wakawa wanakohoa na kutukana kwa pamoja. Ndipo popo wakamwagika kutoka tunduni, wakawapiga mabawa usoni, na wale mabwana wenye bunduki wakakimbia wameshika vichwa, mmoja akajikwaa kwenye ndoo yetu ya maji. Ningecheka, lakini nilikuwa nimejikojolea.

Zilipopotea hatua zao, mama alipanda mezani akasukuma mkeka. Mguu wa mtu ukashuka. Nikapiga yowe, naye akaniziba mdomo. Alikuwa baba, macho mekundu, mkono wa shati umejazwa kinywani hadi mwisho, umelowa damu ya ulimi alioung'ata.

Nilikuwa mkubwa nilipoelewa kwamba mama hakukohoa kwa sababu ya moshi. Alikuwa anaficha kikohozi kimoja ndani ya vingine. Popo walirudi wenyewe, na hatukuwafukuza tena. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, hata akinyea dari yako.

Mama ametangulia sasa, na baba anaishi nami. Juzi moshi wa jirani ulimkuta kitini. Nilipomgeukia, alikuwa amejaza mkono wa shati kinywani, machozi yanamtoka, macho yamekazwa mlangoni.

"Papa, kohoa tu," nikamwambia. "Vita ilikwisha."

Akatikisa kichwa.

Basi nikafunga mlango, nikakaa karibu naye, nikaanza kukohoa mimi, kwa nguvu, kama nilivyofundishwa. Ndipo baba akautoa mkono kinywani, akakohoa.