Giaboksi Isiyoitwa kwa Bolti

Mgeni aliyeulizia nyumba ya fundi Akida pale Kahama aliambiwa atafute gari aina ya Zefa lisilokwenda. Lilikuwa uani, rangi yake ya maziwa imegeuka majivu, na kuku wa Mwanaidi, mke wa fundi, walitaga kwenye kiti cha nyuma. Mwaka ule, themanini na mbili, lilitimiza miaka tisa bila kusogea hata hatua moja.

Zamani lilikuwa gari la tajiri mmoja wa pamba, na lilijibadilishia gia lenyewe. Mguu wa kushoto wa dereva haukuwa na kazi. Giaboksi ilipokufa, hakukuwa na fundi kuanzia Nzega hadi Buseresere aliyewahi kufungua ya namna ile, na tajiri alipohama nchi alimwachia Akida gari hilo bovu kuwa shukrani ya utumishi wa miaka mingi. Watu walicheka. Akida hakucheka. Kwake gari lile lilikuwa jibu la neno aliloambiwa zamani.

Neno lenyewe lilitoka kwa baba mkwe wake. Mwaka wa hamsini na tisa, Akida, fundi wa malori asiye na ndugu, alimposa Mwanaidi kule Tabora akakataliwa. Binti alimfuata hata hivyo, wakaoana Kahama mbele ya watu wasiowajua. Baba akatuma salamu kwamba huyo anayetambaa chini ya magari ya wenzake asikanyage mlango wake mpaka aje na lake. Mzee alikufa bila kulifuta neno hilo. Mwanaidi alikwenda msibani kwa treni, peke yake. Akida alibaki.

Walizaa watoto watatu, wakazika watatu. Salima, wa kwanza, aliishi mpaka akajua kuhesabu vidole vyake. Alikuwa na miaka kumi na saba kaburini, na bado wazazi wake waliitana kwa jina lake. Mwanaidi hakuwahi kumlaumu mumewe kwa sauti. Aliamini tu, kama mtu anavyoamini kwamba baada ya masika ni kiangazi, kuwa asiye na radhi ya wazazi hata mtoto hakai mikononi mwake.

Mwezi wa saba ikaja barua kutoka Tabora. Mama yake Mwanaidi alikuwa hoi. Alitaka kuwaona wote wawili, awape radhi kwa kinywa chake mwenyewe kabla hakijafumbwa. Mmoja hatoshi, bibi aliandikisha. Waliokosa walikuwa wawili.

Mwanaidi alisema waende Isaka wakapande treni kesho yake. Akida akamwomba siku nne. Akasema giaboksi iko njiani kutoka Geita, na asingeweza kuingia nyumba ile akiwa amebeba begi kama mtu aliyefukuzwa kazi. Mwanaidi akaikunja barua. Ndipo Akida, ili ajifunge mwenyewe, akatuma simu ya maandishi Tabora: wanakuja Ijumaa kwa gari.

Giaboksi ilifika Jumanne juu ya lori la pamba, pamoja na Pantaleo, mzee aliyekuwa fundi katika mgodi wa Geita kabla haujafungwa. Huko porini, nyuma ya ghala lililong'olewa mabati, Zefa la injinia mmoja lilikuwa limeachwa, uso umepondeka lakini tumbo likiwa zima. Akida alikuwa ametoa mashine yake ya kuchomelea ili aipate giaboksi ile.

Mbele ya giaboksi kilikaa kitu kama chungu kinene cha chuma, kilichozibwa pande zote. Ndicho kilichopeleka nguvu ya injini kwa oili, badala ya klachi. Pantaleo alikipigapiga kwa kiganja.

"Fundi, nyie watu wa malori mna desturi yenu ya kuita," alisema. "Hii haiitwi. Chungu hiki kisukume kwa mkono huku unakizungusha. Kitashuka mara tatu. Utasikia to, halafu to, halafu to. Ya tatu ndiyo inayoshika pampu ya oili. Usipoisikia, usiguse spana, hata kama mkeo anajifungua."

"Mke wangu amepita umri huo," Akida akajibu, na Pantaleo akaangalia chini. Lori lilipiga honi, naye akaondoka.

Desturi aliyoitaja kila fundi wa Kahama aliijua. Giaboksi ya lori ni nzito, na ikikataa kuingia nafasi ya mwisho, fundi huweka bolti nne, akakaza kila moja robo mzunguko kwa zamu, nayo huja taratibu mpaka igusane na injini. Hiyo ndiyo kuita. Akida aliita giaboksi kwa miaka thelathini, na haikutokea hata moja iliyokataa kuitika.

Jumatano alipiga magoti tangu alfajiri. Chungu kilishuka mara ya kwanza upesi. Mara ya pili ilimtoa jasho. Baada ya hapo kikawa kinazunguka tu, laini, kama mtu anayekusikiliza na hana nia ya kukubali. Alizungusha mpaka mikono ikafa ganzi. Jua likapanda. Ndani, Mwanaidi alikuwa anapiga pasi ya mkaa kanga mbili mpya alizoziweka kwa ajili ya mama yake.

Saa sita Masele, jirani yake mwenye kutengeneza baiskeli, akaingia uani kusaidia kunyanyua.

"Mwangaluka, fundi," akasalimia kwa Kisukuma. " Imegonga ngapi?"

"Tatu," Akida akasema.

Hakujua kwa nini alisema hivyo. Neno lilitoka kabla yake, na likishatoka aliona aibu kulirudisha. Wakaingia chini ya gari, Masele akipampu jeki, wakainyanyua giaboksi hadi mahali pake. Ilibaki nafasi kati yake na injini, upana wa kidole kimoja. Masele akauliza kama ndivyo inavyotakiwa. Akida akachukua bolti nne na spana.

Aliiita. Robo mzunguko huku, robo kule. Nafasi ikapungua, ikawa unene wa shilingi, ikawa unywele. Karibu na mwisho palisikika mlio mdogo, kama kibuyu kikavu kinachokanyagwa. Nafasi ikafunga.

"Ya tatu hiyo," Masele akasema kwa furaha. Akida alikuwa na machozi, Masele akadhani ni vumbi.

Jioni walimimina oili nyekundu iliyotafutwa Shinyanga nzima. Mwanaidi alitoka akasimama mlangoni, kanga zimekunjwa mkononi. Injini iliwaka. Kisha chini kukasikika mkwaruzo wa chuma kwa chuma, na oili ikaanza kumwagika, nyekundu, ikatengeneza mfereji mpaka karibu na miguu yake.

Walipoishusha giaboksi, pampu ilikuwa vipande viwili. Ilikuwa chuma cha kumimina. Hata mashine ya kuchomelea ingekuwepo, isingesaidia.

"Masele alikuuliza imegonga ngapi," Mwanaidi akasema. "Zilikuwa ngapi?"

"Mbili, Mama Salima."

Hakupiga kelele. Alisema asubuhi kuna lori la kwenda Isaka, wapande wote. Treni itawafikisha kesho kutwa. Akida akasema ampe siku mbili amtafute Pantaleo, huenda Geita kuna pampu nyingine. Aliposikia sauti yake mwenyewe ikisema hayo aliichukia, lakini hakuinyamazisha.

Mwanaidi aliondoka peke yake na zile kanga.

Pampu nyingine haikuwepo. Jumatatu ilikuja simu ya maandishi yenye maneno machache: Mama amefariki. Aliwasubiri. Siku hiyohiyo Akida alitandikwa na vumbi juu ya lori la mahindi mpaka Isaka, na Jumanne asubuhi, baada ya miaka ishirini na mitatu, alikuwa anatembea kwa miguu katika mtaa ule wa Tabora, na begi mkononi.

Mwanaidi alimkuta nje. Alimwambia, kwa sauti ya mtu anayempa mgeni habari za msiba, kwamba mama alipoambiwa wanakuja kwa gari alicheka kwa mara ya kwanza mwaka huo. Yeye alipofika peke yake, mama alimshika mkono, lakini radhi hakuitoa.

"Alisema, 'Tumsubiri mwenzako.' Kila gari lilipopita aliniuliza kama ni wewe."

Akida alitafuta mahali pa kuweka macho yake. Hapo ndipo aliuona ua. Ulikuwa wa miti iliyopangwa vizuri kuzunguka nyumba yote, isipokuwa upande wa barabara, ambako miti kumi hivi ilikuwa imeng'olewa karibuni na udongo ukasawazishwa kwa jembe. Bibi aliagiza ing'olewe Alhamisi. Pengo lilikuwa na upana wa Zefa, na hatua moja ya ziada kila upande, ili mkwe asije akalikwaruza.