Mpanda Farasi Aliyeanza kwa Kuondoka

Fundi magodoro alikuwa na picha moja tu ya sinema moyoni, nayo ilikuwa ya kikauboi. Wenzake waliona mia, wakazisahau mia. Yeye aliiona hiyohiyo tangu hajaota ndevu, na leo mvi zimemjaa kichwani kama pamba anayoshinda nayo kutwa, bado anatembea mikono imeachana na kiuno, tayari kuchomoa bastola asiyokuwa nayo. Mtaani wanamwita Kauboi, naye huitika.

Aliisimulia kila alipopata msikilizaji, huku anashona. Ilianza na risasi. Adui, jibaba la kizibao cheusi, linaanguka mavumbini hata watu hawajakaa sawasawa kwenye viti. Stelingi anapanda farasi mweupe mwenye sikio moja jeusi, anampungia mkono mwanamke aliyesimama kisimani, mbwa anamfuata mpaka mtoni kisha anageuka. Halafu nyika, na nyika nyingine. Katikati, adui aliyekufa anaonekana baa, glasi mkononi, anacheka. "Pacha wake," watu wa ukumbini walikubaliana, na hakuna aliyebisha. Majina ya waigizaji yalitokea kuelekea mwisho. Wakasema huo ndio ustaarabu, kwanza kazi, majina baadaye. Lugha hawakuijua, lakini farasi wanajieleza. Mwisho kabisa stelingi anateremka kilimani. Mbwa anambwekea, amemsahau. Mwanamke anamtazama, haulizi kitu, anashusha ndoo kisimani, anampa maji. Taa zinawaka, wanaume wazima wanajifanya wameingiwa na vumbi machoni.

Picha hiyo ndiyo iliyomrudisha nyumbani. Ujanani alikosana na baba yake, akaondoka bila kuaga, akawa mbeba mizigo kwenye maghala ya mji wa watu. Siku moja alisinzia juu ya magunia, na yule farasi mweupe akapita usingizini mwake, polepole, akiteremka. Alipoamka akafunga kifurushi. Mama yake alimfungulia mlango, akamtazama, hakumwuliza alikokuwa. Alimpa maji.

Sasa binti yake, muuguzi, alikuwa anapanda ndege kesho asubuhi kwenda kufanya kazi nchi ambayo fundi hakuweza kuitamka vizuri. Kwa wiki nzima swali moja lilikuwa limemkaa kooni: utarudi? Hakuliuliza. Mzazi akiuliza hivyo, aliona, ni kama kumfunga mtoto kamba mguuni halafu umwambie akimbie. Akaona heri ile picha imwulizie. Akamwomba amtafutie, na binti akaipata, akaileta karakanani kwenye kompyuta yake. Wakavuta pazia, wakaketi juu ya godoro ambalo halijakwisha kushonwa, fundi akishona mto mdogo wa safari.

"Baba, huko nako watu wanalala. Mito ipo."

"Ya sponji. Sponji ni hewa. Kichwa cha mwanangu hakilazwi juu ya hewa."

Mwanga mwembamba ulipenya pembeni mwa pazia, na nyuzi za pamba zikaelea ndani yake bila haraka. Kwenye kioo yakapita majina, kisha farasi mweupe akateremka kilimani. Mbwa akabweka. Mwanamke akashusha ndoo.

"Simamisha! Umeanzia mwisho."

"Baba, ndiyo kwanza imeanza."

"Wewe! Picha hii naijua kabla sijamjua mama yako."

"Basi tazama tuone."

Wakatazama. Adui akacheka baa, mzima wa afya. Nyika zikapita. Vumbi la farasi na vumbi la pamba vikachanganyika mpaka fundi hakujua lipi liko ndani ya kioo na lipi liko puani mwake. Mwishowe jibaba la kizibao cheusi likaanguka, stelingi akapunga mkono, mbwa akageuka alipofika mtoni. Maandishi. Basi.

"Kumbe hakuwa na pacha!" Binti alicheka mpaka akajishika mbavu.

Fundi hakucheka. Sindano ilikuwa imesimama hewani. Alikuwa anamwona mwendesha mashine wa ule ukumbi, na masanduku yake ya mkanda yaliyobanduka karatasi za namba kwa unyevu: la kwanza limewekwa la mwisho, la mwisho la kwanza, na mji mzima ukakua ukiijua hivyo.

"Kwa hiyo stelingi hakuwa amerudi," alisema. "Mgeni tu, mpita njia. Mwanamke alimpa maji kama unavyompa mtu yeyote mwenye kiu. Halafu mgeni akaenda zake."

"Ni picha, Baba."

"Mimi nilirudi kwa picha hiyo. Kumbe nilirudishwa na mtu aliyechanganya masanduku."

Binti akamgeukia. Kisha akauliza, "Na maji aliyokupa Bibi, nayo yalikuwa ya picha?"

"Ya mtungini. Ya baridi, hata meno yaliniuma."

Swali likapanda tena kooni. Fundi akakata uzi kwa meno ili mdomo uwe na kazi. Binti alimtazama, mtazamo wa muuguzi anayesoma kipimajoto, kisha akanyoosha kidole akairudisha picha mpaka pale mwanzo kabisa. Farasi akateremka upya. Mbwa akabweka. Ndoo ikashuka, ikapanda inachuruzika, na mwanamke akampa maji. Hapo akaizima.

"Hivi ndivyo inavyoishia," alisema.

Akaifunga kompyuta, nyuzi za pamba zikizidi kuelea.

"Siku nikirudi," akaendelea, "usinianze na maswali. Maji kwanza."

"Maji kwanza," fundi akasema.

"Na mbwa?"

"Mbwa nimfuge wapi, na pamba yote hii?"

"Basi itabidi ubweke mwenyewe."

Fundi akachomeka sindano kwenye kola ya shati. Akachungulia pembeni mwa pazia kama jirani yupo. Kisha, mto wa safari umemlalia mapajani, akabweka mara moja, taratibu, kama mtu anayefanya mazoezi.