Nilimkana kaka yangu mbele ya mashangazi wa mchumba wangu

Admin, jina langu tafadhali lifiche, na la mtaa wa mchumba wangu pia, maana Juba ni ndogo. Mimi ni dada wa miaka 27, nasuka nywele hapa Munuki. Nimelelewa Eldoret, tulirudi nyumbani nikiwa nimemaliza shule. Hii ni mara ya nne naandika na kufuta. Leo natuma hivi hivi.

Tumezaliwa wanne. Kaka yangu mkubwa ana miaka 31. Miaka mitatu iliyopita alianza kusikia sauti, akawa halali, anazunguka kwenye uwanja wa nyumba akigombana na watu tusiowaona. Mama alimpeleka kwenye maombi, akafungishwa siku saba bila chakula. Mjomba akasema ni laana, akampeleka kwa mzee mmoja aliyemchanja kifuani. Majirani walitushauri tumfunge kamba. Mwishowe muuguzi mmoja ninayemsuka akaniambia, "Dada, huu ni ugonjwa kama mwingine, mlete." Tukampeleka kliniki, akaanzishiwa sindano ya kila mwezi. Jamani, kaka alirudi. Sasa anachomelea mageti kwenye karakana kule Hai Mauna, na utani wake ukarudi, ule wa kuniudhi.

Hapo ndipo nikapata mchumba. Mtu mzuri, mpole, ila kwa desturi hakuwahi kuingia kwetu, na mimi sikuwahi kumtaja kaka yangu. Kwetu kabla ya wazee kukaa kuzungumza ng'ombe wa mahari, upande wa mwanamume hutuma mashangazi waje kuangalia nyumba. Wanakunywa chai, wanacheka, lakini wanachotafuta kinajulikana: kama kuna uchawi, kama kuna kifafa, kama kuna mgonjwa wa kichwa. Wakikipata, wanaaga kwa heshima na hamtawaona tena.

Mama akamwambia kaka siku hiyo ashinde Hai Mauna. Mimi nilikubali, tena haraka.

Mashangazi walikuja watatu. Yule mkubwa akanishika mkono, akauliza, "Ya biti, binti yangu, nyinyi mmezaliwa wangapi hapa?" Nikasema watatu. Ilitoka kirahisi mpaka mimi mwenyewe nikashtuka. Kabla sijamaliza kumimina chai, kaka akaingia getini na kreti ya soda begani. Alikuwa ameona aibu wageni wangu wanywe chai tupu, akanunua kwa hela yake. Shangazi akauliza, "Na huyu?"

Nikasema, "Huyo ni mtu wa duka, ametuletea soda."

Kaka aliniangalia kidogo tu. Akaweka kreti chini taratibu, akamwambia mama, "Malesh, samahani mama, nimechelewa na mzigo wenu," akatoka kama mteja yeyote. Mashangazi walimsifu kwa adabu. Mama alikunywa chai yake akiangalia chini.

Jioni nilimfuata karakana nikapiga magoti. Hakukasirika, na hilo ndilo linalonimaliza. Alisema, "Wewe olewa kwanza, mimi nitakuwepo tu." Nilidhani yameisha. Kumbe tarehe ya sindano ilipita na hakwenda. Kliniki iko barabara ile ile wanakokaa watu wa mchumba wangu. Nilipomuuliza akasema, "Nikionekana pale kwenye benchi, watauliza mimi ni nani. Sitaki kukuharibia."

Sasa ni wiki ya pili. Halali tena. Tajiri wake wa karakana ameniita mara mbili, anasema kaka anaongea na mashine. Muuguzi anasema tusisubiri hata siku moja. Mama naye anasema, "Vumilia mpaka Jumamosi wazee wakae. Ng'ombe wakishaingia, khalas, watafanya nini?" Nikimjibu analia, ananiuliza kama nataka wadogo zangu wote wakose kuolewa kwa sababu yangu. Nasuka mteja naacha katikati, natoka nje, narudi. Mchumba akinipigia naangalia simu mpaka inanyamaza.

Nampenda huyu mwanamume, sitawadanganya. Sijui atafanya nini akijua. Pengine ataelewa, pengine mashangazi watamzidi nguvu.

Wanaotaka kuniandikia niombe, tunaomba kila siku, asanteni. Nishaurini jambo moja tu. Kesho saa tatu asubuhi muuguzi anatusubiri, na kaka amesema atakwenda endapo nitatembea naye mimi, mchana, kwa miguu, barabara ile. Nimempigia mchumba wangu simu kumwambia, nikaishia kumuuliza amekula nini. Nimwambie leo, au niache anione njiani nimemshika kaka yangu mkono? Nifanye nini, jamani, na mnijibu kabla sijapata akili ya kumsikiliza mama.